Udongo Aliokula Mama

Pumzi ya mama ilinukia udongo. Hicho ndicho kitu cha kwanza kinachonijia nikikumbuka mwaka tuliohamishwa: harufu ile inayopanda kutoka ardhini matone ya kwanza ya mvua yanapoangukia vumbi la moto, ila kwa mama haikungoja mvua. Alikuwa nayo mdomoni, kwenye ncha za vidole, na kwenye pindo la kanga alimofunga vipande vyake. Alikuwa mjamzito, na wanawake wa Unyamwezi wakiwa na mimba wamekula udongo wa kichuguu tangu zamani, ule mkavu unaomeguka vizuri mkononi na kuyeyuka polepole ulimini. Mimi mwenyewe nilipomwona akitafuna sikushtuka, nilimeza mate tu kwa tamaa. Kilichotuletea hofu mwaka ule ni kichuguu alichokuwa akikichimba.

Tulikuwa tumetoka kijiji kilichokuwa ndani kabisa ya msitu wa miombo, kusini ya Tabora, upande wa Sikonge. Nchi ilikuwa chini ya Mwingereza, na ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia msituni pamoja na ndorobo, wale mbung'o wanaouma hata juu ya nguo. Watu walianza kusinzia mchana, wakakonda, wakazungumza maneno yasiyoeleweka, kisha wakafa. Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya Mzungu, akaja na watu wa mtemi, tukaambiwa tuhame sote, tukakae pamoja mahali palipofyekwa miti ili ndorobo wasipate kivuli. Nyumba zetu zilichomwa moto tukiwa tunaangalia, ili tusishawishike kurudi. Kule tulikotoka kukatangazwa kuwa pori lililofungwa. Nakumbuka kuku mmoja aliyerudi mbio kwenye moshi akitafuta kiota chake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Nyumbani kule udongo wetu ulikuwa mwekundu. Wenyeji waliuita kikungu, na mama alikuwa akiusifu kama mtu anavyosifu ukoo wake. Ukiufumbata mkononi unashikamana, ukifumbua mkono unaachia bila kung'ang'ania kiganjani. Tulifukia majani chini ya matuta, na mvua ikija mtama ulisimama juu ya kichwa cha baba, na mahindi yaliyopandwa ubavuni mwa vichuguu yalibeba mpaka yakainama. Huku tulikoletwa tulipewa kipande cha mchanga mweupe. Juu ulikuwa mwepesi, jembe linaingia lenyewe, lakini chini kidogo tu ulikutana na tabaka gumu kama sakafu, jembe likagonga na kurudi. Maji ya mvua yalisimama juu ya tabaka hilo mpaka mizizi ikaoza, na jua lilipowaka siku chache mchanga ukakauka hadi chini. Mtama tulioupanda kwa mbegu za nyumbani ulitoka njano na kubaki kimo cha goti langu. Baba alisema tungojee. Mama akasema tusingojee kitu, akang'oa, akapanda karanga, njugu mawe na mihogo, kwa kuwa ndivyo vinavyovumilia mchanga wa namna ile.

Chini ya mteremko kulikuwa na mbuga, udongo mweusi wa mpunga, na huo niliuogopa kwa namna yake. Kiangazi ulikuwa umepasuka nyufa pana ambazo mguu wangu ungeweza kuzama hadi kwenye goti. Mvua zilipoanza ulifumba nyufa zake na kuwa tope linalovuta. Mbuzi wa jirani alinasa pale siku moja akalia hadi sauti ikamwisha, wanaume wakamtoa kwa kamba akiwa hai lakini mguu umeteguka. Tangu hapo sikupita karibu na mbuga bila kumshika mama nguo, na mama alinicheka akaniuliza kama nadhani mbuga inakula Wakristo.

Kati ya mchanga na mbuga kulikuwa na ukanda mrefu wa udongo wa rangi ya kahawia iliyokolea, wenye vichuguu vikubwa, na huo haukulimwa na mtu. Hapo ndipo ilipopita njia ya zamani ya misafara, ile iliyowaleta wapagazi na pembe kutoka Ujiji na kuwapeleka pwani. Wazee waliokuwa wenyeji wa sehemu ile walisema misafara ilipiga kambi hapo kwa miaka mingi, ndiyo maana udongo ulikuwa umenona kwa majivu na samadi ya punda. Lakini walisema pia kwamba mpagazi aliyeshikwa na ndui au aliyeishiwa nguvu aliachwa hapohapo kando ya moto, na msafara ukaendelea. Hakuna aliyejua majina yao wala kwao. Udongo ulikuwa mzuri kuliko wote tuliopewa, na watu waliokuwa na njaa waliuzunguka.

Mama hakuuzunguka. Alikuwa ameonja vichuguu vya kila upande, akatema. Cha kwenye mchanga alisema kina chumvi, cha karibu na mbuga kinanata kwenye meno. Siku moja baada ya manyunyu tulikuwa tunatoka kuokota kuni, akasimama ghafla katikati ya njia, pua juu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu kikubwa cha kambi ya zamani, akamegua kipande, akatia mdomoni na kufumba macho. Nilimwona machozi yakimtoka. Sikujua mtu anaweza kulia kwa utamu wa udongo. Kutoka siku hiyo alinituma mara kwa mara nikamchimbie, nami nilikwenda mbio na kurudi mbio, nikichimba bila kuangalia chini, maana niliogopa kukutana na jino au kidole cha mtu.

Aliyemfumania ni Bibi Nyanzala. Huyu alikuwa mkunga wa kijiji chetu cha zamani, tuliyehama naye, na bila yeye mama asingekuwa hai. Baada ya kunizaa mimi mama alizaa watoto wawili, wote tukawazika wachanga, na kwa yule wa pili damu ilikataa kukatika mpaka Bibi Nyanzala alipoingiza mkono wake na kufanya anachokijua yeye. Hospitali ya Tabora ilikuwa mbali sana kwa mwanamke mwenye uchungu kufika kwa miguu au juu ya baiskeli. Kila mtu nyumbani alijua, hata mimi nilijua, kwamba siku ya mama ikifika na mkono ule haupo, tutachimba kaburi.

Alikuja kutujulia hali wakati tunamenya mihogo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yake yakiwa kwenye shavu la mama lililovimba kwa kipande cha udongo.

"Nyamizi, unatafuna nini?"

"Udongo tu, mayu," mama alijibu, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Naona kuwa ni udongo. Wa wapi?"

Mama alionyesha kwa kidevu upande wa njia ya misafara. Bibi Nyanzala alikaa chini palepale kwenye maganda ya mihogo.

"Mtoto anajengwa na udongo anaokula mama yake," alisema. "Wewe unamjenga kwa udongo wa wapita njia. Mpita njia hakai, mwanangu. Atafika, atapumzika kidogo, ataondoka, na safari hii atakushika mkono muondoke wote."

"Mayu, mimi ni mtu wa kanisa."

"Jana si tulikaa benchi moja? Kanisa nalipenda. Lakini mkono huu ndio unaoingia, na mkono huu unaogopa. Sikushiki, Nyamizi. Sikushiki mpaka umekula udongo wa kwenu, ule wa kichuguu cha nyuma ya nyumba, tulikofukia vitovu vya wanao."

Na akaongeza sharti jingine, kwamba udongo huo uchimbwe na mtoto aliyetoka tumbo hilohilo, aliye hai. Nilikuwa mimi peke yangu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Moraviani, mtu aliyesoma Biblia kwa sauti nzito hata mbuzi wakatulia. Alipoelezwa alicheka, akasema mambo hayo yalipitwa na wakati. Lakini kicheko chake kilikatika mapema, akakaa akikwaruza matope kwenye jembe lililokuwa safi tayari. Mama alifungua pindo la kanga, akamwaga udongo wote uani, akaufunika kwa mguu. Ndipo nilipoogopa kweli. Mama yangu hakuwa mtu wa kuogopa, na siku ile nilimwona akiuangalia ule udongo aliomwaga jinsi mtu anavyomwangalia nyoka bila kujua kama amekwisha kufa. Aliamini kila neno la Bibi Nyanzala.

Tuliondoka alfajiri, baba na mimi, tukamwambia jirani tunakwenda kutazama mizinga ya nyuki. Kwenye mpaka wa makazi kulikuwa na banda la mlinzi mwenye wavu, kazi yake kuwakamata ndorobo waliong'ang'ania nguo na baiskeli za watu na kuwazuia wasio na ruhusa. Tulimzunguka kwa mbali kwenye majani. Pori lililofungwa halina mlango, ila ukiingia unajua. Njia tuliyopita wakati wa kuhama ilikuwa imeanza kufungwa na majani, miti ya miombo ilikuwa imechipua majani yake mekundu mapya, na hapakuwa na moshi, wala jogoo, wala mtu anayekohoa mahali popote. Baba alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Kisha akaacha, nadhani aliona sauti yake inatutangaza.

Ndorobo walitupata kabla jua halijapanda sana. Mwanzo mmoja mmoja, nikawapiga kwa tawi. Halafu wengi, wakija kimya na kukaa mgongoni pasipofikika, na ukishtuka ni kwa sababu wamekwisha kukuchoma. Nilijizuia kulia kwa ajili ya mama, nikashindwa. Tulifika kwenye korongo kavu lililo katikati ya safari, na ng'ambo yake msitu ulikuwa mnene zaidi, wenye kivuli wanachokipenda. Baba akasema, "Simama hapo," akanipiga kofi la nguvu mgongoni. Alipotazama kiganja chake kilikuwa na damu. Damu yangu, iliyokuwa tayari tumboni mwa ndorobo. Aliangalia kiganja, akaangalia ng'ambo ya korongo, akaniangalia mimi. Baba aliwahi kumfukuza simba zizini kwa kijinga cha moto, watu wanamsimulia mpaka leo. Asubuhi ile nilimwona midomo ikimcheza.

Kando ya korongo kulikuwa na kichuguu chekundu. Akanipa jembe dogo.

"Chimba hapa."

"Baba, hapa si kwetu."

"Kwetu udongo ni mwekundu, na huu ni mwekundu. Aliyeuumba ni mmoja. Chimba, mwanangu, turudi."

Nilichimba. Tulijaza kikapu, akakifunika kwa majani, na njiani alisema neno moja tu, kwamba mama asijue na Bibi Nyanzala asijue. Hakusema kwa ukali, alisema kwa kuomba, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Mtu mzima alikuwa ananiomba mimi nimlinde.

Bibi Nyanzala alikuja jioni ileile. Aliusogeza udongo karibu na macho, maana ukungu wa uzee ulikuwa umeanza kumwingia, akaunusa, akaukwaruza kwa kucha, akaona wekundu wake. "Ndio wenyewe," akasema, na uso wake ukalegea. Akampa mama kipande. Mama alikitia mdomoni, akatafuna polepole. Alimtazama baba, akanitazama mimi, shingo yangu iliyovimba alama za kuumwa, akameza. "Ndio wenyewe," naye akasema, akatabasamu, akaomba kingine.

Hapo ndipo miezi yangu ya hofu ilipoanza. Nilikuwa nimeshika vitu viwili vya kutisha na sikuwa na wa kumgawia. Cha kwanza kilikuwa malale. Mganga wa serikali alipita kila baada ya muda akipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, na mimi nilikuwa nikijipapasa mwenyewe kila asubuhi. Nilipoona usingizi mchana nilijifinya mapaja, na kanisani baba alipofumba macho kusali nilimtazama kwa makini nione kama anasali au anasinzia. Mara moja nilimvuta shati katikati ya sala ya mchungaji, akafungua macho kwa hasira, nami nikafurahi mno kuona kwamba ana hasira. Cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Mama alikula udongo ule wa korongo kila siku, kwa uaminifu, mbele ya macho yetu, na tumbo likakua, na mimi nilijua kwamba mtoto anajengwa kwa udongo wa mahali ambapo hapana kitovu cha mtu yeyote. Bibi Nyanzala atakuja, ataingiza mkono wake akidhani mambo yamenyooka, na mama atakufa. Niliamini hivyo kama nilivyoamini kuwa jua litatoka. Nikisema, mkunga hatakuja na mama atakufa. Nisiposema, atakuja na mama atakufa vilevile. Nilikonda mpaka mama akaanza kunilazimisha kula, akinisukumia karanga changa za kwenye mchanga wetu, ambazo zilikuwa zimekubali vizuri kupita tulivyotegemea.

Uchungu ulimshika tukiwa tunapalilia. Aliinama juu ya jembe, akakaa hivyo kwa muda, akaniambia nikamwite Bibi Nyanzala, nisikimbie nikajikwaa. Nilikimbia, na nilijikwaa. Jua lilikuwa utosini walipofunga mlango, na lilikuwa limeegemea upande wa mbuga bado mlango umefungwa. Baba na mimi tulikaa nje ukutani. Sauti ya mama ilitoka mara kwa mara, ya chini, ya mtu anayesukuma gogo, halafu ikawa haitoki. Ukimya ule sikuuweza. Nilisimama niende nigonge mlango, niseme yote, niseme kwamba tulichimba korongoni, labda Bibi Nyanzala anajua la kufanya, labda kuna dawa. Baba alinishika mkono. Hakunivuta. Alikuwa analia bila kujificha. Tulibaki hivyo, nimesimama yeye amekaa, hadi mtoto alipolia.

Alikuwa wa kiume, na mama alikuwa hai. Bibi Nyanzala alitoka akajifuta mikono kwa majani, akasema mbele ya majirani kwamba udongo wa nyumbani haumtupi mtu. Baba aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa mno. Hatukuugua malale, si yeye wala mimi. Mdogo wangu alikua, akakaa, hakuwa mpita njia.

Hofu ile niliibeba mpaka nilipokuwa mtu mzima, nimeolewa Tabora mjini, mwenyewe nina mimba ya kwanza. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alikuja kunitazama akanikuta na udongo wa kununua sokoni. Alimegua kipande, akatafuna, akatema.

"Huu ni wa Igunga," akasema. "Una chumvi."

Nikacheka, nikamwuliza amejuaje.

"Udongo haujifichi mdomoni. Kama ule wenu wa korongoni."

Alizungumza huku akiendelea kupanga vyombo vyangu, bila kunitazama. Alisema wa kwetu ulikuwa laini kama unga, na ule tuliomletea ulikuwa na mchanga unaosagika menoni. Alijua tangu kipande cha kwanza. Nikamwuliza kama hakuyaamini maneno ya Bibi Nyanzala. Alishangaa kwamba naweza kuuliza hivyo.

"Niliyaamini yote. Nilijua nakula kifo changu."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Ningesema si wenyewe, mngerudi tena kule. Na ulikuwa umeumwa shingo nzima."

Leo nimezeeka kuliko alivyokuwa yeye siku ile. Pori lile limekwisha kufunguliwa. Mdogo wangu analima tumbaku ng'ambo ya korongo, miombo imekatwa kwa kuni za kukaushia majani yake, na ndorobo wamekwenda kutafuta kivuli kwingine. Udongo mwekundu umechoka, haubebi bila mbolea ya dukani. Vijana wa kilimo huja kuupima, wakamwambia umepungukiwa nini, na mpwa wangu akijifungua anakwenda kituo cha afya kwa pikipiki. Sitamani tuirudie miaka ile, na anayeitamani hakuiishi. Hofu tulizonazo sasa ni za mvua kuchelewa na watoto kukosa kazi, hofu tunazokaa barazani tukazijadili kwa sauti, kila mtu akasema lake. Mimi katika mwaka ule nilidhani ndimi niliyekuwa nimebeba mzigo wote, na nilijihurumia sana. Kumbe kila asubuhi mama alikuwa anakaa mlangoni, ananiona natazama, anamegua kipande cha kile alichoamini kitamuua, anakitafuna na kumeza, halafu ananiuliza kama nimekwisha kula.